Nilimfukuza dogo, kumbe mchawi wa laptopu ni mimi!

Mwenzenu nipo hapa kisiwani Mafia, nakula upepo wa bahari, lakini leo sina habari ya papa potwe wala ya wageni wanaopanda ndege kuja kuogelea nao. Leo nina langu rohoni. Nikishalitoa, huenda nikalala usingizi wa maana.

Wewe mwenye hasira za karibu, kaa vizuri. Hili linakuhusu kuliko unavyodhani. Na wewe mwenye laptopu inayovuma feni usiku kucha kama mashine ya kukoboa mpunga, vuta kiti, maana dawa ninayo na siuzi.

Naishi Kilindoni, makao makuu ya wilaya yetu, mji ambao ukipiga chafya sokoni, bandarini wanakuombea dua. Nina kijistudio changu cha picha za pasipoti, kuchapa barua, kutoa nakala, na hasa video za harusi. Silaha yangu ni laptopu moja tu. Niliinunua mtumba, Kariakoo, ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 8, ile inayoandikwa i5-8250U. Nusu ya pesa ilikuwa yangu, nusu ilikuwa ya mama, pesa ya nazi zake za msimu mzima. Kwa hiyo nikisema laptopu ile ilikuwa mboni ya jicho langu, sitii chumvi.

Nilikuwa na msaidizi pia, mtoto wa mama yangu mdogo aliyeolewa Jibondo, kile kisiwa kidogo kusini kwetu, cha mafundi wa majahazi na wavuvi wa pweza. Mimi humwita dogo, yeye huniita kaka. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yake hayakuwa ya kumringia mtu, nikamchukua ajifunze kazi. Kijana mpole, anasema neno moja moja kama anayelipia. Wateja walimpenda kuliko mimi, na ukweli ni kwamba hilo lilikuwa linanikera kidogo.

Basi bwana, kasheshe ilianza mwanzoni mwa Februari, mwaka 2025. Mnazijua siku za kaskazi huku kwetu, joto linakaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa. Tena ilikuwa Shabani, harusi juu ya harusi, kila mtu anawahi kabla ya Ramadhani. Siku za mavuno kwa watu wa video. Ndipo laptopu ikaanza vituko.

Feni ilikuwa haizimi. Asubuhi inavuma, mchana inavuma, usiku inavuma. Ukigusa chini yake unaondoa mkono haraka. Betri iliyokuwa ikinipa saa tatu na ushee sasa saa moja na robo ilikuwa bahati. Na umeme ukikatika, na kisiwani kukatika si ajabu, nakimbizana na betri kama abiria anayefukuza daladala ya mwisho.

Kilichonitoa jasho zaidi ni kwamba ilikuwa inavuma bila kufanya kitu! Nimefunga programu zote, nimebaki naitazama kama mjinga, nayo inahema. Nikafungua "Task Manager", kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha mashine inashughulika na nini. Kazi asilimia 3. Kasi ya prosesa gigahezi 3.39. Nikasubiri. 3.39. Nikaenda kunywa chai, nikarudi. 3.38. Hainyanyuki, haishuki.

Sasa prosesa hiyo kasi yake ya kawaida iliyoandikwa na waliyoitengeneza ni gigahezi 1.6. Hiyo 3.4 ni kasi ya kujitutumua, ya kupandia mlima. Ni sawa na mtu umkute amekaa barazani, kavaa kanzu, mkononi kikombe cha kahawa, lakini moyo unamdunda kama anakimbizwa na nyuki.

Na hapo hapo nilikuwa na harusi ya Kirongwe mkononi. Laki moja na nusu za kutanguliza nilishapokea, tena nilishazila. Bibi harusi alikuwa anaondoka na mumewe kwenda Muscat, ndege yao ya kutoka Kilindoni ni Alhamisi tarehe 13. Anataka aondoke na video yake. Mama yake aliniambia maneno mafupi tu: "Mwanangu, huko aendako hana shangazi wala jirani. Hiyo video ndiyo watu wake."

Basi Jumatatu ile tarehe 10, umeme umekatika, betri imeniangusha katikati ya kazi kwa mara ya tatu, faili limeharibika. Nikaanza kupekua mashine kwa hasira. Nikakuta gemu la mpira. Nikajua mwizi wangu nimempata.

"Wewe dogo! Kumbe ndiyo kazi yako nikiondoka? Unaniulia mashine kwa magemu!"

Studio ilikuwa na watu. Kina mama wawili wanasubiri picha za pasipoti, na mzee mmoja aliyekuja kuchapiwa barua ya kiwanja. Dogo akasimama.

"Kaka, nimecheza mara mbili tu, tena mwezi wa kumi na mbili. Halafu kaka, ile siku ya harusi ya Baleni, wewe uli..."

"Unanijibu? Mbele ya wateja unanijibu?"

Mpenzi msomaji, niliyoyasema baada ya hapo sitayaandika yote. Nilimwambia laptopu ile ni jasho la mama, na yeye hajawahi kutoa hata tone. Nilimwambia kichwa chake kilishindwa shule, sasa kinashindwa hata kufuta vumbi. La mwisho nikamwambia arudi kwao akavue pweza, ndiyo saizi yake.

Hakujibu. Alichukua kimfuko chake cha nguo, akamwamkia yule mzee, "Shikamoo babu," akatoka. Mpaka leo ile shikamoo naisikia. Alinifundisha adabu bila kunitazama.

Jioni habari ilishafika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa anakuna nazi, hakuinua uso.

"Umemfukuza mtoto wa mdogo wangu?"

"Mama, ameharibu mashine."

"Umemwona akiiharibu?"

Nikaishiwa pozi. Akaendelea kukuna. "Mimi nilitoa pesa ya nazi ununue kitu cha kukulisha na ndugu zako. Sikutoa pesa ununue sanduku la moto la kuchomea ndugu."

Sasa mshukiwa kaondoka, mnadhani laptopu ilipona? Wapi! Jumatatu usiku niliifuta ile gemu. Kasi 3.39. Nikawasha programu ya kusaka virusi, ikasaka hadi saa nane za usiku, haikukuta hata mbu. Kasi 3.39. Jirani yangu mwenye duka la soda akaniambia hilo ni jicho la watu, biashara yangu imechangamka mno, nimwone mtaalamu. Mwingine akanishauri niiweke juu ya sahani ya barafu. Namshukuru Mungu sikumsikiliza, maana barafu inaleta umande, umande unaingia ndani, na maji na umeme havijawahi kuwa marafiki.

Jumanne asubuhi nikaenda kwa fundi. Akaifungua, akatoa vumbi la kutosha kupandia mchicha, akapangusa ile dawa iliyokauka kati ya prosesa na bati la kupoozea, akapaka mpya. Elfu thelathini. Joto likashuka kidogo, la haki tumpe fundi. Lakini kasi ni ile ile, na feni baada ya robo saa ikarudi kwenye wimbo wake. Fundi akakuna kichwa: "Bosi, hapa labda ubao mkubwa wenyewe. Peleka Dar."

Kupeleka Dar ni boti hadi Nyamisati, halafu gari. Kwenda, kutengeneza na kurudi, bibi harusi ameshazoea Muscat.

Jumanne usiku nikarudi studio peke yangu. Natafuta waya wa chaja kwenye droo ya dogo, nikakuta daftari. Daftari la shule, jalada limeandikwa hesabu, lakini ndani hakuna hesabu. Nikasoma nimesimama, halafu nikakaa chini.

Dogo alikuwa anaichunguza ile mashine. Kila siku ameandika tarehe, saa, programu gani ipo wazi, kazi asilimia ngapi, kasi ngapi, joto nyuzi ngapi. Mistari imepigwa kwa rula. "Tarehe 3, saa 4 asubuhi, programu zote zimefungwa, kazi 3, kasi 3.39, joto 71." "Tarehe 4, intaneti imezimwa, kasi 3.39, si intaneti." "Tarehe 5, nimechomoa chaja, kasi 3.39, si chaja." "Tarehe 6, nimezuia programu zinazojiwasha zenyewe, kasi 3.38, si hizo." Kila siku anaondoa mshukiwa mmoja, mmoja tu, anaandika majibu. Kijana niliyemwambia kichwa chake kimeshindwa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja, umepigiwa kistari chini: "Tarehe 26 Januari ilikuwa nzima. Tarehe 28 ilikuwa hivi. Tarehe 27 kulikuwa na nini?"

Weee! Damu ilinishuka.

Tarehe 27 Januari nilikuwa nashindana na video ya harusi ya Baleni. Usiku ule nilimpigia mshikaji wangu mmoja wa Dar, nikamlalamikia mashine inachelewa. Akanielekeza kwa simu: ingia "Power Options", sehemu ya kupangia matumizi ya umeme, nenda kwenye mipangilio ya ndani, tafuta prosesa, weka kila kitu 100, itapaa. Nikaweka. Kwenye umeme nikaweka 100, kwenye betri nikaweka 100. Dogo alikuwa pembeni ananishikia tochi. Video ikaisha, nikalipwa, nikala biriani, nikasahau.

Nikafungua pale pale. Pana mistari miwili. Mmoja ni kiwango cha juu cha prosesa, huo kuwa 100 ni sawa kabisa. Wa pili ni kiwango cha chini, "Minimum processor state". Kwenye mpango wa kawaida wa Windows huwa asilimia 5. Wangu ulikuwa 100. Yaani niliiambia mashine: kiwango chako cha kupumzika ndicho kiwango chako cha kukimbia. Nayo, kwa utii ambao binadamu hana, ikatii wiki mbili mchana na usiku.

Nikaandika 5 kwenye umeme, 5 kwenye betri. Nikabofya kukubali.

Kasi ikashuka, 3.39, 2.1, 1.4, ikafika chini ya gigahezi 1. Baada ya dakika chache feni ikanyamaza. Studio ikawa kimya mpaka nikasikia mawimbi ya bandarini. Ningefurahi, lakini ukimya ule ulikuwa mbaya. Ulikuwa unaniuliza swali la mama: umemwona akiiharibu?

Ngoja nikupe elimu kidogo hapa, maana wengi tunanunua hivi vitu kama tunavyonunua viatu. Prosesa inafanya kazi kwa midundo. Gigahezi 1 ni midundo bilioni 1 kwa sekunde. Zamani kasi ilikuwa moja tu, mashine ikiwaka ni hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2000 Intel walianza kuweka kwenye prosesa za laptopu ufundi wa kushusha kasi na volti ili betri idumu. Mwaka 2008 wakaleta ufundi wa pili, wa kupandisha kasi juu ya kawaida kwa muda, pale kazi inapokuwa nzito na joto bado linaruhusu. Wenyewe wanauita Turbo Boost. AMD nao wakaja na wa kwao mwaka 2010.

Ujanja wote upo kwenye yale maneno "kwa muda". Kasi ikipanda, volti nayo inapanda, na volti ndiyo inayochoma. Umeme unaoliwa unakwenda na kasi, lakini kwa volti unakwenda mara mbili yake, yaani volti ikiongezeka mara mbili, ulaji unaongezeka mara nne. Umeme huo wote ukishaliwa unageuka joto. Ndiyo maana laptopu nzuri inafanya kama mpishi hodari, anaongeza moto chungu kinapohitaji, kikichemka anapunguza kuni.

Ila na wewe usije ukaingiwa na hofu bure. Ukiona kasi iko juu peke yake, si lazima iwe ugonjwa. Prosesa za siku hizi zina vyumba vya kulala, sehemu isiyo na kazi inajizima hata kama saa inasoma kasi kubwa. Wengine kompyuta zao za mezani zinasoma kasi ya juu muda wote na ziko baridi tu. Kinachotakiwa kutazamwa ni vitu vitatu pamoja, kazi, kasi na joto. Kwangu kazi ilikuwa ndogo ndogo, lakini haikatiki, na kila kidogo kilifanywa kwa volti ya juu, kwenye joto la Februari, na vumbi la Kilindoni limeziba njia ya hewa. Na kwa ujinga wangu, kila kazi kubwa ilipokuja, mashine ilikuwa inaianza ikiwa tayari imechemka. Prosesa hii mwisho wake ni nyuzi 100, na ikikaribia hapo inajipunguza yenyewe isiungue. Nilitaka ipae, nikaichelewesha.

Usiku wa Jumatano nilikesha na Kirongwe. Laptopu ilipanda kasi ilipotakiwa, ikashuka iliposhiba. Alhamisi asubuhi nikapanda bodaboda mpaka uwanja wa ndege, jasho linanitoka, nikamkuta bibi harusi yuko kwenye foleni. Nikamkabidhi flashi. Mama yake akanishika mkono: "Yule kijana mpole yuko wapi, nimpe na yeye asante?"

Nikasema yuko kwao. Sikuongeza neno.

Jumamosi nikaenda Jibondo. Bodaboda mpaka Utende, kama kilomita 15, kisha nikadandia chombo cha watu waliokuwa wanarudi kwao. Nilibeba sukari, mchele na lile daftari. Njiani nilipanga hotuba nzuri, imejaa mazingira magumu ya kazi na shinikizo la wateja. Nilipofika ufukweni hotuba ikayeyuka.

Baba mdogo alikuwa chini ya chombo kilichopandishwa nchi kavu, anatia kalafati, anapigilia pamba iliyochovywa mafuta kwenye nyufa za mbao, taratibu, ufa mmoja, halafu mwingine. Nikamwamkia. Akaitika. Nikaanza kujieleza. Akanisikiliza bila kuacha nyundo yake, nilipomaliza akasema:

"Chombo kikiingiza maji, nahodha haulizi nani ana mkosi humu ndani. Anatafuta tundu. Wewe ulimtosa mtu baharini kwanza, ndiyo ukatafuta tundu."

Sikuwa na jibu. Kuna maneno ambayo ukiyajibu unazidi kuzama.

Dogo alikuja jioni kutoka mwambani, kweli ana pweza mkononi. Nilipomwona na wale pweza niliona aibu kuliko angekuja na panga. Nikampa daftari lake. Nikamwambia, "Dogo, umeipata. Ilikuwa tarehe 27. Ni mimi."

"Najua, kaka."

"Unajua? Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nakwambia, kaka. Ukasema unanijibu."

Mpenzi msomaji, nimewahi kupigwa ngumi Mbagala nikagombea kiti cha basi. Haikuuma hivyo.

Nikaomba radhi. Nikamwambia nauli ninayo, turudi kesho. Akakataa, kwa upole wake ule ule. "Kaka, nimekusamehe. Lakini ulinitoa mbele ya watu. Ukitaka nirudi, nirudishe mbele ya watu."

Nilirudi Kilindoni peke yangu, na mwezi wote wa Ramadhani nilifanya kazi peke yangu, nikajua ni mara ngapi kwa siku nilikuwa nakaa tu yeye akihangaika. Baada ya Idi akaja. Nikawa nimeshamtafuta yule mzee wa barua ya kiwanja na wale kina mama wawili, Kilindoni si kubwa, mtu hapotei. Nikawakaribisha chai na vitumbua studio. Nikasimama mbele yao nikasema yote, tarehe kwa tarehe, mpaka habari ya kichwa kilichoshindwa shule. Sauti ilinitetemeka, sikatai. Mzee akasema, "Mimi nilijua siku ile ile. Mwizi haamkii watu akitoka."

Dogo sasa ana mshahara kamili, si hela ya soda. Na mashine ikileta kimeo, yeye ndiye anayeigusa kwanza, mimi nashika tochi.

Haya, na wewe yakikukuta, fanya hivi. Kwanza fungua "Task Manager", kisha iache dakika moja au mbili bila kugusa kitu, maana kule kuifungua tu kunaishtua prosesa ikapanda. Tazama kama kuna programu inayokula kazi kimya kimya. Ikiwepo, huyo ndiye mgonjwa wako, shughulika naye. Pili, pima joto, na tazama kama matundu ya hewa yameziba vumbi au laptopu umeilaza juu ya godoro. Tatu, kama kazi ni ndogo lakini kasi haishuki, nenda "Power Options" utazame kiwango cha chini cha prosesa, kwenye umeme na kwenye betri, maana ni namba mbili tofauti. Ukiikuta 100, irudishe 5. Ukiona umeshavuruga mengi, pana kitufe cha kurudisha mpango mzima kama ulivyotoka kiwandani, kibofye usione haya. Siku za joto kali, au ukitaka betri ikufikishe, shusha kile kiwango cha juu kutoka 100 hadi 99. Hapo ile kasi ya kujitutumua inazimwa kabisa, mashine inatembea mwendo wa kawaida.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika, tazama. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hata ikipona hutajua kilichoiponya.

Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, jiulize tarehe 27 kulikuwa na nini. Mimi lile daftari nimeliomba, dogo amenipa. Lipo pale mezani, karibu na laptopu. Juzi nililifungua nikakuta ameongeza mstari chini ya lile swali lake la mwisho. Ameandika kwa mwandiko wake ule wa kupigia rula: "Tarehe 27 alibadilisha kaka. Imetengenezwa." Hakuna zaidi ya hapo.

Haya wapenzi, kwaherini. Wacha nikazime mashine, nayo ilale.